Patron anataka niweke jina langu kwenye kazi ya marehemu yaya

Admin, usinitaje jina, kazini kwetu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, naishi na mama hapa Lubumbashi, commune Annexe. Naandika programu za kompyuta katika kampuni ndogo. Kazi hii nilifundishwa na yaya, kaka yangu mkubwa, tulipokuwa na kompyuta moja tu nyumbani. Alikuwa ananimenyea karanga ili nisichafue vitufe.

Mwaka jana yaya alipata ajali akirudi kutoka Mokambo, alikokwenda kuweka programu yake kwenye duka la dawa. Hakufika nyumbani.

Programu hiyo ni ya kampuni yetu, naye alifanya kazi hapohapo; aliiandika karibu yote yeye. Ilitunzwa kwenye Mercurial, mfumo unaohifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya na maneno machache aliyoandika. Sasa tunahamia Git, mfumo mwingine wa kazi hiyohiyo, na mimi ndiye ninayehamisha.

Kwetu umeme hukatika bila kuaga. Taa ikianza kucheza tu, yaya alihifadhi pale alipofikia. Ndiyo maana mabadiliko yake ni vipande vidogovidogo, vingi ajabu: "Courant inataka kukatika." "Imerudi, naendelea." "Mama anaita, bukari iko tayari" (yaani ugali). Nimekuwa nikivihamisha kimoja kimoja, kwa jina lake. Kila nikisoma, namsikia.

Patron, bosi wetu, alipoviona alicheka, kisha akashika kichwa.

"Dada, bukari inafanya nini mu programme ya dawa? Changanya yote ikuwe kitu moja, weka jina yako."

"Na jina ya yaya, patron?"

"Client akipata problème ataita nani? Yaya yako atajibu telefone?" Halafu akashusha sauti. "Nilimupenda pia. Lakini lundi tunafuta ile ya zamani." Yaani Jumatatu Mercurial yote inafutwa.

Si mtu mbaya. Msibani alilia kuliko wajomba zangu. Lakini nikikaidi naweza kupoteza kazi, na mama ananitegemea mimi peke yangu.

Jana mama alikuwa akichunga unga, akaniuliza bila kuniangalia, "Ile kazi ya yaya yako, jina yake iko bado?"

"Iko, mama."

"Basi usimufute."

Najua mtasema nibaki na nakala yangu. Nitabaki nayo. Lakini programu itaendelea kutumika, na kila atakayeifungua ataamini niliiandika mimi.

Kimebaki kipande kimoja, alichohifadhi asubuhi ya safari: "Courant inataka kukatika. Nikirudi nitamalizia."

Nikikihamisha kama vingine, nimemkatalia patron. Nikivichanganya, nimemfuta yaya. Ndugu zangu mnaosoma, nani kati yenu amewahi kurithi kazi ya mtu aliyempenda? Niambieni, niandike jina la nani?