Yai la Mai ya Moto

Nyumbani kwa mzee Mahamudi, pale Birere, mtaa wa Goma, siku ya pili ya Idi haikuwa siku ya kukaa. Ya kwanza ilikuwa ya msikiti na majirani, ya watoto kupita mlango kwa mlango na nguo mpya. Ya pili ilikuwa ya barabara. Mahamudi alikuwa dereva wa mfanyabiashara wa kahawa, na kila Idi tajiri wake alimwachia kamioneti ya bluu ili apumzike. Lakini Mahamudi hakujua kupumzika bila usukani mkononi. Asubuhi mke wake aliifunika sufuria ya pilau kwa majani ya mgomba, akaizungushia blanketi, akaifunga kwa kitenge kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni, kisha wote wakapanda.

Mzee alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, sufuria haifunguliwi njiani. Inafunguliwa mkifika, hata kama njaa inawatoa machozi. Ya pili, hakuna kurudi mahali mlipokwisha kwenda. Mtoto akisema turudi Lac Vert, yeye alijibu tu, "Kule tulishaona," na maneno yakaishia hapo.

Hivyo Jamila, binti yake, aliijua nchi kwa Idi zake, kama wengine wanavyoijua miaka kwa vita vyake. Kulikuwa na Idi ya Lac Vert, lile ziwa dogo, ambapo mama yake alikataa kushuka karibu na yale maji ya kijani kwa sababu, alisema, hayaonyeshi yanakotoka. Kulikuwa na Idi ya Mushaki, ya maziwa na jibini na ng'ombe waliolala mlimani kama mawe yaliyomwagwa. Kulikuwa na Idi ya Kibumba, wingu lilipokuja kukaa juu ya mashamba ya kabeji, na kaka yake Nuhu akalia akidhani volkano imewafuata.

Na kulikuwa na Idi ya Mai ya Moto. Hiyo Jamila hakuiona.

Alikuwa na surua. Alibaki kwa bibi yake, chumba kimetiwa giza, uso umejaa vipele, akasikia kamioneti ikiwaka na ikiondoka. Wenzake walipita Rutshuru na kwenda mbele zaidi, mpaka mahali ambapo maji yanachemka ardhini bila mtu kuyawashia moto. Walifunga mayai ndani ya kitambaa, wakayatumbukiza, wakayatoa yameiva. Jioni baba yake aliingia kile chumba cha giza, akatoa mfukoni leso, na ndani ya leso yai moja.

"Hili ni lako. Limepikwa na ardhi."

Lilikuwa bado na joto. Alipokuwa mtu mzima alielewa kwamba lile joto lilikuwa la mfuko wa baba, lakini haikumsaidia kitu kuelewa hivyo. Alilimenya, akalinusa, na lilikuwa na harufu ya njiti ya kiberiti iliyotoka kuwashwa. Nuhu alisema ni uongo, yai lilinuka yai. Walibishana siku ile, na wamebishana kila Idi tangu hapo.

"Mwaka ujao nitakupeleka kule," Mahamudi alimwambia. "Wewe peke yako."

"Na sheria, papa?" Nuhu aliuliza mlangoni.

"Sheria ni yangu. Nitaivunja mara moja."

Mwaka uliofuata kamioneti haikuwapo tena, na njia ya kaskazini haikuwa ya watu wa matembezi. Halafu ikafunguka, ikafungwa, ikafunguka. Jamila akaolewa, akazaa, akarithi meza ya mama yake ya viungo pale sokoni: bizari, mdalasini, karafuu, pilipili za Rutshuru zilizokaushwa. Mume wake Yakubu yuko Butembo na biashara zake, anarudi njia zikikubali. Wateja wanamjua Jamila kama mama asiye na maneno mengi, isipokuwa mtu akitaja kwamba ametoka upande wa kaskazini. Hapo anaacha kupima, anauliza, "Ulipita Mai ya Moto? Uliona mvuke?" Wengi hawakuona. Walipita usiku, walipita wamelala, walipita wanaomba Mungu wafike. Yeye hutikisa kichwa na kumalizia kupima.

Mzee wake aliendelea kuahidi hata meno yalipokwisha. "Mwaka ujao, mama," alimwambia, kwa maana siku hizo alimwita mama. Alifariki katika juma lile mji uliposhikwa na risasi, watu wamelala chini sakafuni mchana kutwa. Nuhu na majirani wachache walimbeba haraka kati ya kimya kimoja na kingine, wakamzika, wakarudi wameinama. Hapakuwa na turubai barabarani, hapakuwa na mabenchi ya kuazima, hapakuwa na wanawake wa kukaa na wafiwa. Hitima ilisomwa na watu wa nyumba moja. Baadaye, mji ulipotulia, kila familia ilikuwa na marehemu wake wa kumlilia, na Jamila aliona aibu kuita watu.

Basi Idi ya mwaka huu Nuhu alikuja na gari la kuazima. Naye ni dereva kama baba yake, ila yeye anaendesha kwa hasira.

"Dada, njia iko wazi. Watu wanafika mpaka Kanyabayonga. Funga sufuria."

Jamila alikwenda kutafuta blanketi. Alikifunga kile kitenge, akakifungua, akakifunga tena, mpaka binti yake Fatuma akamwuliza kama anaumwa. Mayai aliyapanga ndani ya kikapu kidogo juu ya maganda ya maharage, akakiweka mapajani, na hakutaka kukiweka mahali pengine popote.

Walipanda kuelekea Kibati. Mji uliisha, yakaanza mawe meusi ya lava, na kulia na kushoto vibanda vya mbao vilivyopakwa rangi juu ya hayo mawe. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumwa kwa mguu, zilishuka zimebeba makaa, wenye nazo wamesimama juu yake miguu mitupu. Nyiragongo, volkano yenyewe, ilijificha kifua chote kwenye mawingu. Fatuma alisema ananusa pilau, Nuhu akasema hata yeye, na wote watatu wakacheka kwa sababu hakuna aliyethubutu kuigusa sufuria.

Pale Kibati walikuta bariyeri: mti umelazwa juu ya mapipa, na magari yamesimama. Nuhu alishuka akaongea na madereva waliotangulia, akarudi amekunja uso.

"Wanauliza kila mtu anaenda kufanya nini. Wa biashara anapita. Wa mgonjwa anapita, wa kilio anapita. Wa kutembea anarudishwa. Wamesema hii si wakati ya kutembea."

"Tuwaambie tunaenda soko," alisema Fatuma.

"Na hizo nguo za Idi? Na sufuria? Nyamaza kidogo."

Ilipofika zamu yao, mmoja wa wenye bariyeri, mwanaume aliyevaa koti la mvua, ingawa jua lilikuwa kali, aliinama dirishani.

"Munaenda wapi?"

"Rutshuru, chef," Nuhu alijibu kwa heshima.

"Kufanya nini?"

Nuhu aliangalia mbele. "Tuko na kilio."

Yule mwanaume alivua kofia. Aliangalia sufuria iliyofungwa kwa kitenge, akatikisa kichwa: chakula cha wafiwa, bila shaka. "Poleni. Pole, mama," alimwambia Jamila, akageuka kupiga kelele mti uondolewe.

Kando ya bariyeri walikaa wanawake na mizigo yao, wakingoja gari. Mmoja wao, mama mnene wa miaka mingi, kitambaa cheupe kichwani, alisikia. Alinyanyuka kwa shida akaja mpaka kwenye dirisha la Jamila, akaingiza mkono wote ndani na kumshika bega.

"Oo, mwana wangu. Nani amekufa?"

Jamila alikishika kikapu kwa mikono miwili. Nuhu ndiye aliyejibu. Hakuwa na mtu mwingine karibu wa kumtaja.

"Ni papa yetu."

"Papa yenu! Na leo ya sikukuu yenu!" Yule mama aliweka mkono kichwani akawaita wenzake. "Mukuje! Hawa wamepoteza papa yao, wako njiani!" Wakaja. Huko kwetu mtu wa kilio hapiti mikono mitupu mbele ya wanawake, hata wasiomjua. Mmoja aliingiza kabeji dirishani, mwingine viazi vichache ndani ya mfuko. Yule mama mnene alifungua mzigo wake, akachota maharage kwa bakuli, akayafunga kwenye pembe ya kitambaa na kuyaweka juu ya mapaja ya Jamila, juu ya kikapu cha mayai.

"Ni kidogo. Mimi naitwa Mukamugema, nyumba yangu ni ile ya bati ya kijani. Mukirudi mupite, tukae kidogo."

Alikuwa analia. Si kwa kelele. Machozi tu yalishuka mashavuni, na hakuyafuta.

Mti uliinuliwa. Barabara ilikuwa wazi mbele yao, lami inapanda kati ya migunga na mashamba, mpaka Rugari, mpaka Rutshuru, mpaka kule. Nuhu alitia gia. Jamila aliyaona maharage yale, akaona jinsi yalivyolala juu ya mayai ambayo angeenda kuyachemsha akicheka na mtoto wake, na baba yake kama amelazwa katikati ya njia ili gari lipite juu.

"Nuhu, simama."

"Dada, wamefungua! Nikisimama hapa—"

"Simama, nakuomba."

Alisimama. Alipiga usukani kwa kiganja, lakini alisimama. Jamila alishuka na maharage mkononi.

"Mama," alimwambia Mukamugema, "samahani. Tumesema bongo, tumewadanganya. Papa yetu hakufa leo. Amekufa tangu ile vita ya mji. Leo tulikuwa tunaenda kutembea tu. Kuangalia maji ya moto."

Yule wa kabeji alikuwa wa kwanza kuguna. Mwanaume wa koti la mvua naye alikuwa amesikia.

"Kuangalia maji?" Alimwita mwenzake aliyeshika mti. "Kuja usikie! Hawa wanatoka Goma, wanaenda kutafuta maji! Lac yote ile haiwatoshi?" Alicheka mpaka akaegemea pipa. Kisha akakaza uso. "Rudisha, dereva. Geuza. Na mushukuru leo ni sikukuu."

Mti ukashushwa. Jamila alisikia ulivyogonga mapipa, akajua hiyo ndiyo sauti ya kitu alichokuwa akikingoja tangu utoto kikifungwa. Hakulia. Alimnyooshea Mukamugema maharage yake.

Yule mama hakuyapokea.

"Kitu cha kilio hakirudi kwa mwenye kukitoa. Hiyo hapana." Alimtazama, macho yamekauka sasa, na makali. "Papa yenu mulimulilia wapi?"

"Hatukukaa. Ilikuwa risasi."

"Watu hawakuja?"

"Wangepitia wapi, mama?"

Mukamugema alijitwisha mzigo wake. "Basi hukusema bongo yote. Ulichelewa tu. Mufuate nyuma yangu."

Nyuma ya nyumba ya bati ya kijani kulikuwa na ua wa mawe ya lava na mbabula moja, jiko la makaa. Wanawake wawili walikuja, hata yule wa kabeji, bado amebinua mdomo. Walikaa chini juu ya majani na wakamwambia Jamila aseme. Aseme nini? Akaanza na kamioneti ya bluu, na sheria mbili, na Kibumba na wingu. Na Nuhu, aliyesimama mbali amekunja mikono, akaja kusahihisha.

"Sikulia kwa sababu ya volkano. Nililia kwa sababu ya baridi."

"Ulilia 'volkano, volkano,'" Jamila akasema, na wanawake wakacheka, na katikati ya kicheko sauti yake ikakatika, ikatoka ile nyingine, ya kilio, aliyokuwa ameizuia tangu mwaka uliopita. Mukamugema alisogea akakaa karibu naye, bega kwa bega. Hakumwambia nyamaza.

Baadaye Nuhu mwenyewe ndiye aliyekwenda kuitoa sufuria garini. Alifungua fundo la kitenge polepole.

"Papa angekataa," alisema. "Hatujafika."

"Fungua," alisema Jamila.

Pilau ilikuwa bado moto. Walikula wote kwenye sinia moja, na Fatuma akayaweka mayai kwenye maji juu ya mbabula. Jamila aliinuka upesi, akaingiza mkono kabla maji hayajashika moto, akatoa yai moja, akalifuta kwa upindo wa nguo yake.

"Mama Mukamugema, ulishafika Mai ya Moto?"

"Mimi? Nilizaliwa upande ule. Tulikuwa tunapika ndizi mule tukitoka kuchota kuni."

"Yale maji yananuka nini?"

Mukamugema alitafuna, akafikiri. "Kiberiti. Ukiwasha, kabla moto haujashika vizuri."

Jamila alimgeukia kaka yake. Nuhu aliangalia wali wake.

Waliagana jua likiwa limeanza kulegea, wamebeba maharage na kabeji. Njia ya kurudi inateremka, na kutoka pale juu ziwa lote linaonekana, limelala kimya chini ya mji. Fatuma aliliona lile yai mkononi mwa mama yake.

"Mama, hili halikuiva."

"Najua. Hili ni la kupikwa na ardhi."

Nuhu alitazama kwenye kioo. Kisha yeye, ambaye tangu apate leseni hajawahi kupunguza mwendo kwa ajili ya shimo lolote, alishika upande wa lami iliyo nzima na kushuka taratibu, akiyakwepa mawe moja baada ya lingine, mpaka nyumbani.