Antena Juu ya Paa la Shemeji

Shemeji yangu aliendesha mabasi ya abiria maisha yake yote, na kwa mwendo wake abiria wakambatiza jina la Taratibu. Hakuwahi kugonga hata kuku. Alipostaafu, kampuni ilikuwa inauza mabasi yake makuukuu, naye akanunua lile alilolizoea zaidi. Aling'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi, sinki na kabati, kisha akamwambia dada yangu, "Mama, pakia." Wakazunguka humo nchi nzima. Mimi nilisema ni wehu, na nilimwambia usoni, maana shemeji asipotaniwa yeye, ataniwe nani?

Mwana wao wa pekee hakutania. Alisema baba anampeleka mama kuzeekea ndani ya chuma chakavu, na siku mama akiugua watajuta. Taratibu akamjibu kwamba asimpigie tena mpaka ajifunze adabu. Kijana akaenda ng'ambo kufanya kazi, na kwa miaka mingi akawa anampigia mama peke yake. Simu yake ikiita, shemeji alitoka nje kukagua matairi. Sijapata kuona matairi yaliyokaguliwa kama yale.

Halafu dada akaugua kweli. Madaktari walifanya waliloweza, wakasema arudishwe nyumbani apumzike, na kila mmoja wetu alielewa maana ya kupumzika huko. Nilimwandalia chumba kwangu, akakataa. Alisema nyumbani kwake ni basini, kitanda chake anakijua, na dirisha lake analijua. Basi likaegeshwa nyuma ya karakana ya rafiki wa shemeji, nami nikahamia humo na godoro langu.

Mwenye karakana alitupa neno la siri la Wi-Fi ya ofisini kwake. Nje, kwenye ngazi ya mlango wa basi, simu ilishika vizuri. Ndani, mabati yalizuia kila kitu: sura ya kijana ilikuja vipande vipande, mdomo ukaganda wazi, sauti ikakatika katikati ya neno. Dada alipokuwa angali anatembea, alikaa ngazini akazungumza naye. Miguu ilipokataa, tukabaki na vile vipande. "Leo nimeona sikio tu," aliniambia siku moja, akajaribu kucheka, akakohoa hadi nikamshika mgongo.

Fundi wa umeme wa karakana akasema dawa ni antena ya nje, ifungwe juu ya basi, na waya ushuke hadi kwenye kifaa kidogo kando ya kitanda, kisambaze Wi-Fi ndani. Shemeji akainunua siku ileile. Alipanda mwenyewe, akaifunga kwenye keria, mbele kabisa, juu ya kiti cha dereva, nayo ikitazama mbele. Ofisi iko nyuma.

"Shemeji," nikamwambia, "unatafuta intaneti au unataka kuondoka?"

Hata yeye alicheka. Akaihamishia nyuma, akaielekeza ofisini, akapitisha waya dirishani. Sasa dirisha likawa halifungi. Upepo ukamwingia dada kifuani, kikohozi kikazidi, nikauchomoa ule waya na kufunga dirisha.

"Toboa paa, mzee," fundi alimshauri. "Tundu moja tu, la upana wa kidole."

"Paa hili halijawahi kuvuja," shemeji akajibu. "Sitoboi."

Kesho yake sababu ilikuwa kwamba drili imekuwa butu. Halafu ikawa gundi ya kuzibia haikauki vizuri kwenye baridi. Halafu mawingu. Dada anapungua mbele ya macho yetu, na mwanamume mzima anaangalia mawingu! Nilimfuata nyuma ya basi, hasira zimenipanda.

"Si paa hilo, shemeji. Unaogopa nini?"

Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vioo. Akakikunja, akakikunjua.

"Nikitoboa, ataona," alisema. "Ataona mama yake amelala humu. Alisema itakuwa hivi, na imekuwa hivi. Nitamwambia nini mimi?"

Miaka yote ile nilidhani ni kiburi. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu.

Ndani, dada alikuwa ametusikia. "Mzee," aliita, kwa ile sauti ndogo iliyokuwa imembakia. Tukaingia. "Toboa. Nataka kumwona mwanangu. Na nataka nikuone wewe ukizungumza naye, kabla sijaenda zangu."

Akapanda. Hakukubali fundi aiguse drili. Nilimfunika dada kichwa kwa shuka ili vumbi lisimwangukie, tukasikia hatua zake juu, kisha drili ikaanza kulia. Alilainisha kingo za tundu kwa tupa, akazipaka rangi zisishike kutu, akalivalisha tundu mpira, akapitisha waya, akaziba kwa gundi, akasubiri, akaziba tena. Alifanya yote kwa mwendo uleule uliompa jina, na mara hii sikumharakisha.

Sura ya kijana ikatokea nzima. Alikuwa amenenepa, na mvi zimeanza kumchungulia. Dada alimtazama, akipitisha kidole juu ya kioo cha simu.

"Mama, leo nakuona," kijana alisema.

"Nami nakuona." Kisha akamsogezea mumewe simu. "Baba yako huyu hapa. Ametoboa paa."

Shemeji aliishika kwa mikono miwili, kama usukani. Kijana alimkazia macho. Nikajua lile neno, "nilisema mimi," sasa linakuja. Taratibu naye alilingoja, mabega yameshuka.

"Baba," kijana alisema, "umekula?"

Machozi yalimtiririka shemeji hadi kwenye ndevu, naye hakuyafuta.

"Mjibu mtoto," dada akanong'ona.

"Sijala, mwanangu," alisema. "Tangu jana chakula hakipiti."

"Hata huku hakipiti, baba."

Wakaendelea hivyo, wanaume wawili wazima, wakiulizana habari za chakula, nani anapika, na chumvi anapunguza au hapunguzi. Dada alikuwa amefumba macho, lakini hakulala. Nilimwona anavyosikiliza.

Tangu hapo simu ilikuwa ikiachwa wazi kutwa nzima. Dada alifariki asubuhi moja, mkono wake umo mkononi mwa mumewe, na simu imeegemezwa kwenye mto. Kijana alikuwa amesogea kando kidogo kuvaa viatu vya kazi. Nilinyoosha mkono niichukue, nimpe habari mimi, kwa kuwa kazi kama hizo huachiwa mama wadogo. Shemeji akanizuia. Akaisogeza karibu na uso wake, akamngoja kijana arudi.

"Mwanangu," alisema, "mama ametutoka. Njoo nyumbani."