Presi Yenye Geji

Katika mashamba ya Ndabibi, karibu na Naivasha, hakukuwa na fundi aliyeweza kutoa bushi, ile pete ambamo ekseli huzunguka, kwenye chuma bila kukipasua kama Obura. Ufundi huo aliupata kwa mikono: miaka kumi na minne katika karakana ya reli pale Nakuru, kisha mitano kwa Bwana Harwood, Mzungu mwenye shamba, akitengeneza matrekta na majembe yake. Nyumba aliyokaa na mkewe Akeyo ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha siku hiyohiyo. Jambo hilo halikuhitaji kuandikwa popote.

Lakini Obura alikuwa na siri. Tangu mvua za mwaka juzi macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Uso wa mtu aliuona, mlima Longonot aliuona, ila herufi ndogo na mistari myembamba vilikuwa vimemtoroka. Kazi aliifanya kwa vidole na masikio, na hakuna aliyemshtukia.

Mwaka wa 1957, kabla ya kupanda ngano, Bwana Harwood alichoshwa na vyuma vilivyopasuliwa kwa nyundo kila Obura alipokuwa hayupo. Akaamua kununua presi, ile mashine inayosukuma chuma polepole kwa nguvu ya mafuta, mtu akipiga mpini. Wakaenda Nakuru kwa lori mpaka kwenye uga wa muuza vyuma mmoja karibu na stesheni. Mwangalizi wa uga alikuwa Abdisalam, mtu wa mjini, mwembamba, asiyekosa neno.

"Wewe chagua," Bwana akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi iko na mkutano. Saa saba rudi, sema gani mzuri."

Presi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuukuu, nyeusi, haina geji. Nguvu yake unaijua kwa jinsi mpini unavyokurudishia mkono. Obura alipoushika alihisi kama ameshikana mikono na mtu wa kwao. Ya pili ilikuwa ya kijani, mpya zaidi, na juu yake geji: kisahani cha kioo chenye mshale wa kuonyesha ni tani ngapi zinakandamiza.

Moyo wake ulikwenda kwa ile nyeusi. Mashine isiyo na geji ingemhitaji yeye. Hata macho yakifa kabisa, nani angemfukuza, ikiwa hakuna mwingine wa kuiendesha? Alilifurahia wazo hilo kwa muda. Kisha akamkumbuka Owino, mwenzake wa reli. Owino aliamini mpini wa presi isiyo na geji kama hii, chuma kikapasuka, kipande kikaondoka na taya lake. Na kule Ndabibi, siku Obura akilala na homa, mpini ungeshikwa na Kosgei, dereva wa trekta, mtu wa haraka, baba wa watoto wanne.

"Mzee, unazizunguka kama mtu anayechagua mke," Abdisalam akasema, amekaa juu ya debe.

"Mke ndiye aliyenichagua. Hizi hazisemi. Nipe kigogo nizijaribu."

Kule reli mafundi walihesabu mapigo ya mpini: thelathini, na tani kumi zimefika. Obura aliitegemea hesabu hiyo kuficha siri yake. Akaweka kigogo chini ya presi ya kijani, akapiga, akihesabu kimoyomoyo. Mkono ulimwambia kwamba mpini ni mwepesi mno. Akaupuuza, akidhani ndivyo mashine mpya zilivyo.

"Geji inasemaje?" Abdisalam akauliza.

Obura akainua uso, akakikazia macho kile kisahani. "Tani kumi na kitu."

Abdisalam akashuka kwenye debe, akasogea, akatazama. Akasema kwa sauti ya chini.

"Mzee, mshale uko sifuri. Imekaa sana, mafuta yameingia hewa. Ulikuwa unasukuma hewa."

Obura akaiinamia mashine. Alifungua skrubu, akatoa hewa, akaongeza mafuta, akapiga tena. Sasa mpini ulikuwa mzito kama inavyotakiwa.

"Hata ile nyeusi inauzwa," Abdisalam akasema. "Na mimi leo sina mdomo."

"Wewe? Huo ungekuwa muujiza."

Wakanywa chai wakimsubiri Bwana.

Saa saba Bwana Harwood akarudi. "Gani?"

"Ya kijani, Bwana. Nyeusi ni nzima, lakini inataka mtu aliyeizoea. Asiyeizoea itamuua. Hii ina geji." Akaigusa geji kwa kidole. "Ila mimi siwezi kuisoma. Macho yangu yamekwisha. Kosgei atasoma."

Bwana akatoa kiko mdomoni. "Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Na kazi yote hii nafanya kipofu?"

"Si kipofu, Bwana. Nusu."

Abdisalam alicheka, halafu akajifanya anakohoa. Bwana hakucheka. Aliizunguka presi ya kijani mara moja, akaigonga kwa kiko.

"Fundisha Kosgei mpaka ngano navunwa. Kisha tutaona."

Obura alikuwa amefanya kazi kwa Wazungu miaka ya kutosha kujua maana ya "tutaona": ngano ikishavunwa, kazi hana. Akasaidia kupakia mashine, akaifunga kwa kamba, akayakaza mafundo kwa vidole.

Jioni, Akeyo alipomwekea ugali, akamwambia yote.

"Umemwambia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Afadhali. Nilikuwa nimechoka kunyamaza."

Obura akaacha kutafuna. "Ulijua?"

"Baba Owuor, miaka miwili nakutolea miiba ya samaki kabla sijakuandalia. Ulidhani samaki wa Naivasha siku hizi wanazaliwa bila miiba?"

Obura akavuta sahani karibu. Alikula mpaka sahani ikawa tupu, akanawa mikono, akabaki ameketi. Kisha akauliza kama kule kwao Alego nyasi za kuezekea nyumba bado zinapatikana, au siku hizi kila mtu ananunua mabati.

Akeyo akasema nyasi zipo, ila inafaa zikatwe kabla mvua haijaanza.