Kambare Waliokataa Kula

Jambo la kwanza nililoliona kwa fundi cherehani ni mkono wa kulia wa shati lake, uliolowa hadi kwenye kiwiko asubuhi ya baridi kali. Nilikuwa mpangaji mpya wa chumba cha uani, na bwawa lake la saruji lilitazamana na mlango wangu. Alikuwa akikoroga maji kwa kiganja huku akiwaita kambare polepole, kama anayembembeleza mtoto ale.

Bwawa lilikuwa la mkewe, aliyefariki muda mfupi kabla ya majira ya baridi. Mkewe ndiye aliyekuwa akiwatenga kambare kwa ukubwa, maana mkubwa akibanwa na njaa humeza mdogo bila haya. Fundi alilishika neno hilo tu. Baridi ilipoingia na samaki wakajilaza chini bila kugusa chakula, yeye aliwaongezea. Asubuhi kopo, jioni kopo.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alifika siku maji yalipoanza kunuka. Kambare kadhaa walikuwa wakielea matumbo juu.

"Shemeji, hawa umewaalika harusini?" aliuliza, akiopoa chakula kilichooza kwa chujio. "Baridi ikizidi kambare hali. Tumbo lake linalala. Yote haya yamegeuka sumu."

"Nikiwanyima watatafunana."

"Watafunane na taya zimeganda? Waache."

Fundi alijishusha ukingoni mwa bwawa. "Dada yako naye alikataa chakula. Mkaniambia nimwache apumzike. Nikamwacha."

Shemeji aliacha kuopoa. Alifuta mikono kwenye gauni lake, akaketi kando yake. "Dada alikuwa mgonjwa, shemeji yangu," alisema. " Hawa wanasikia baridi tu."

Mchana huo walipunguza maji machafu, wakaongeza ya kisima kidogo kidogo, kisha wakatandaza turubai kuzuia upepo. Wakati wa kuondoka, shemeji alikwapua mfuko wa chakula. "Mkono wako naujua," alisema. "Huu utalala kwangu."

Tangu hapo fundi hushona akiwa ameielekeza cherehani dirishani. Juzi alikata suruali ya mteja mguu mmoja mfupi, na mteja akamuuliza lini amemwona akichechemea. Fundi hakucheka. Kila mara hutoka, huinua pembe ya turubai, hutazama maji yaliyotulia, kisha huishusha. Hajui kama kuna aliyebaki hai huko chini, wala hathubutu kupapasa.

Shemeji amemwambia kwamba maji yakipata joto, walio hai watapanda wenyewe kutafuta chakula, na vurugu yao ataisikia hata akiwa ndani. Leo jua limewaka tangu asubuhi. Fundi ameiacha kazi ya watu mezani na kuondoa turubai lote. Ameinama juu ya bwawa, akisubiri maji yatikisike.