Zaidi ya Nusu ya Siku

Zamani mgonjwa akija zahanati alimeza tableti, siku hizi tableti ndiyo inayommeza mgonjwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema karani wa masjala, mzee aliyeitwa Jalada kwa kuwa kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyemwona bila jalada kwapani. Darasani alifika la nne tu. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe, kwa kamusi iliyokosa herufi tatu za mwisho na kwa magazeti ya kufungia vitu.

Enzi zake, mtoto akifika dirishani aliulizwa: wewe wa nani, unalala kwa nani, mbona macho mekundu? Mpaka jalada linapatikana, nusu ya ugonjwa ilikuwa imekwisha kusemwa. Kisha likaja gari, majalada yakatiwa kwenye magunia kama mkaa, na Jalada akapewa kiti karibu na mlango wa nesi, meza, na kioo cha kushika mkononi, ndiyo hiyo tableti. Kazi yake ikawa moja. Kila kijana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na tisa ajibu maswali tisa juu ya moyo wake: je, katika wiki mbili zilizopita umekuwa na huzuni, umekosa usingizi, umetamani usiamke? Majibu yalikuwa matatu ya kugusa: “Hapana kabisa”, “Kidogo”, “Zaidi ya nusu ya siku”. Yakishaguswa, yaliruka hadi kwa nesi na rangi yake. Kijani, nenda. Nyekundu, kaa tuongee.

“Na wewe, mzee, usiwasomee wala usiwaelezee,” nesi alimwonya. “Ni siri yao.”

“Sista, mtoto atakiambia kioo jambo ambalo hajamwambia mamaye?”

“Ndiyo. Kioo hakina mdomo wa kwenda kumsema mtaani.”

Jalada akakifuta kioo kwa leso. Hakuna kilichomuudhi kama jibu zuri kutoka kwa mtu aliyezaliwa yeye akiwa kazini.

Asubuhi moja akaja binti wa miaka kumi na mitano, sketi ya shule imeshushwa upindo mara mbili. Alikuja na mama yake mdogo, fundi cherehani aliyesahau futi ya kupimia shingoni. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Kichwa kile kile, au umepata kipya?”

Binti hakucheka. Mama mdogo akamjibia. “Kile kile, baba. Mchana kutwa hana neno. Jua likianza kushuka tu, kinabisha hodi. Tangu tumzike dada yangu mwaka jana, ndiyo hali yetu.”

Jalada akampa binti kioo, akageukia ukuta kama alivyoagizwa. Kidole kikagusa, kikagusa, kikasita.

“Babu, nusu ya siku ni saa ngapi?”

“Usiniulize mimi, nimekatazwa. Kiulize hicho, si ndicho mwerevu?”

Alisema hivyo kwa kinyongo. Binti akainamisha kichwa, akahesabu vidole, akamaliza. Mlangoni nesi akachungulia. “Kijani. Ni kichwa tu. Wapitie dirisha la dawa, waende.”

Wakainuka. Walikuwa wameshapita benchi la pili Jalada alipolirudia kichwani lile swali la binti. Mtoto ameuliza saa. Swali ni la wiki mbili, yeye anahesabu saa! Akaingia kwa nesi bila kubisha.

“Sista, hiyo kijani ni ya uongo.”

“Mzee, tulishaongea.”

“Tuliongea. Sasa tunaongea tena. Siku moja ni siku, siku mia ni siku, neno halibadiliki. Nyinyi mmeandika nusu ya zile siku kumi na nne. Mtoto amesoma nusu ya siku moja. Shida yake inaanza jioni mpaka analala. Ni muda wa saa nne, saa tano? Hazifiki nusu, basi kagusa ‘Kidogo’. Kidogo hicho ni cha kila siku ya Mungu!”

Nesi akatazama kioo, midomo ikicheza, akisoma upya sentensi aliyokwisha kuisoma mara mia. Akatoka mbio. “Mama! Ngojeni! Mrudishe binti, aje peke yake.”

Mlango ukafungwa. Mama mdogo akakaa kando ya Jalada, futi anaizungusha kidoleni. “Baba, kuna nini?”

“Wanahesabu siku upya.”

Zilipita dakika arobaini. Mlango ulipofunguliwa, binti alikuwa ameloa uso, lakini mabega yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyetua ndoo. Kwa ruhusa yake, nesi akamwambia mama mdogo. Jioni ndiyo saa ambayo marehemu alikuwa akirudi kazini. Binti husikia funguo mlangoni, na hakuna mtu. Na katika jioni hizo, nyingi, alitamani alale asiamke.

Mama mdogo alimkumbatia mpaka futi ikawafunga wote wawili. Siku hiyo hiyo wakapelekwa kwa mshauri, na kila Jumanne wakarudi kwake. Cherehani ikahamishiwa nyumbani, jioni zisiwe na ukimya. Nesi akaandika barua, na baada ya wiki sita kioo kikaja na maneno mapya: “Zaidi ya siku saba kati ya kumi na nne”. Barua haikumtaja karani. Hakushangaa, shukrani nayo ilikuwa imebebwa na lile gari la majalada.

Hata hivyo alikuwa mkweli na nafsi yake. Katika majalada yake yote, maelfu kwa maelfu, hakuwahi kuona swali lile la kutamani usiamke. Waliwauliza watoto wao ni wa nani. Hilo hawakuwauliza. Kioo kiliuliza, yeye akasikia jibu. Kimoja bila kingine, binti angeenda na vidonge vya kichwa.

Mara ya mwisho alipowaona ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, miezi mingi baadaye. Binti alikuwa mbele na jora la kitambaa begani, anakwenda kwa kasi. Mama mdogo anamfuata akihema, “Punguza mwendo, wewe, mimi si wa umri wako!” Binti anacheka, hapunguzi. Wakafika kwenye geti la zahanati, wakalipita, wala hawakugeuka.