Gauni Lililokatazwa Kufuliwa

"Mama Rehema, ile robe usiifue. Kesho tutaihitaji kwa rakor."

Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Aliyeyasema ni mwongozaji wetu, tuliyemwita Patron, amesimama uani anawasha sigara, katika nyumba ya kupanga pale mtaa wa Nyakabiga tulipokuwa tunapiga picha za filamu. Gauni lenyewe, la njano, lilikuwa mwilini mwa binti yangu wa miaka minne, nalo lilikuwa limelowa mkojo wa hofu. Nilimvua palepale, nikamfunga kitenge changu, nikachota maji, nikalifua mbele ya Patron na watu wake wote. Sabuni sikubania.

Nyinyi wasichana mnaonisimamisha njiani kuuliza kazi ya mavazi ya filamu inaanzaje, kwa kuwa mnaipenda sana filamu ile, nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Siku yangu ya kwanza nilipewa pasi ya makaa na rundo la mashati. Mkuu wa mavazi alikuwa Mama Furaha, mshonaji aliyekimbia kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Aliniambia kabla sijakaa: "Huku hatutafuti nguo nzuri, dada. Tunatafuta nguo ileile." Hiyo ndiyo rakor. Tukio moja hupigwa vipande vipande, kingine leo, kingine wiki ijayo, na mtazamaji asijue. Kifungo kilichofunguka kibaki kimefunguka, tope libaki palepale lilipokuwa. Kwa hiyo nguo ya tukio lisilokwisha haifuliwi. Niliwahi kusugua doa la mchuzi kwenye kola, Mama Furaha akanifokea mpaka majirani wakachungulia. Alipovuka mpaka kwenda kuzika nduguye, njia ikafungwa nyuma yake, na Patron akanipa mimi nafasi yake.

Kazi niliipenda, nisiseme uongo. Ilikuwa hadithi ya msichana anayekua mtaani: anavunja ungo, anampenda fundi baiskeli, anagombana na mamaye. Msichana aliyeicheza alitoka Ngagara, na siku barabara ilipokuwa mbaya kwa risasi tulimngoja tu, hatumwoni. Jioni tulifunga mapema, kila mtu awahi kwake kabla ya saa ya watu kukatazwa kutembea. Lakini ndani ya hadithi bunduki haikuwemo hata moja. Patron mwenyewe alituahidi siku ya kwanza: "Vita apana. Vita tunayo bure nyumbani." Tulicheka, tukamwamini.

Rehema alicheza mdogo wake yule msichana. Kazi yake ilikuwa kula mandazi na kuvuta sketi ya dada.

Sasa, kwetu Mutakura nilikuwa nimemfundisha kama mama wengi walivyofundisha watoto wao miaka ile ya vita. Ukisikia mlio, usilie. Usiniite. Ingia chini ya kitanda, weka mkono mdomoni, na usitoke mpaka mimi nikuite kwa jina lako lote, na la baba yako. Akikuita mtu mwingine kwa jina moja, nyamaza.

Siku moja tunakula, bati likaanguka jikoni. Rehema akapotea. Tukamkuta chini ya kitanda cha filamu, mkono mdomoni, macho makavu. Watu wakacheka kile kicheko cha kujipoza. Patron hakucheka.

"Nani alimufundisha ile?"

"Mimi."

"C'est magnifique. Ni kitu kizuri sana."

"Ile si muchezo, Patron."

"Najua, Mama Rehema. Najua, dada yangu."

Alijua. Ndiyo maana baadaye akanituma Ngagara kufuata sweta ya shule ambayo haikuwa na haraka yoyote.

Niliporudi, kijana wa kamera alikuwa ameshika klapu kichwa chini. Klapu ni ule ubao unaogongwa mbele ya kamera kabla ya kuanza, ili kila mtu ajue sasa ni mchezo. Ukigongwa mwishoni, umepinduliwa, maana yake kamera ilianza kimyakimya, anayepigwa picha hakuambiwa. Nilijua kabla sijavuka kizingiti. Walikuwa wamepiga bati kwa nyundo nyuma ya ukuta.

"Rehema, toka, mama! Toka upewe bonbon!" walikuwa wanambembeleza kwa pipi. Hatoki. Angetokaje? Jina moja.

Nilipiga magoti. "Rehema binti Yusufu, toka." Akatoka. Hakulia hata hapo. Ndipo Patron alipotufuata uani na habari ya rakor.

"We unaharibu filamu!" alipiga kelele alipoona povu.

"We umeharibu mutoto."

Nilimbeba mgongoni nikaondoka. Ndivyo nilivyostaafu, bila sherehe.

Filamu ikatoka, na mji mzima ukaipenda. Kaseti ziliingia kila kibanda cha video. Pale chini ya kitanda wanawake wanalia na kushikana mikono. Kisha mtoto anatoka, na gauni lake ni safi kabisa, tena ni mtoto wa jirani, waliyempiga picha mgongo tu. Wajuaji hucheka: "Mutu wa mavazi alilala!" Hakulala. Katika filamu nzima, hiyo ndiyo kazi yangu ninayojivunia.

Rehema sasa anasoma. Watoto wa mtaa wetu wanagonga makopo, "Rehema, chini!" na yeye huenda chini, barabarani, na daftari zake. Na wamama wazima wananishika mkono sokoni: "Hongera, mutoto wako anajua kuigiza!"

Nilimwendea Patron nikamwomba aikate ile sehemu. Akanijibu kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko kelele zake: "Mama Rehema, ile sehemu ndiyo filamu."

Basi nikaenda kwenye ofisi iliyotoa ruhusa ya kupiga picha. Karani alisoma barua yangu, akavua miwani. "Filamu ile? Madamu, mke wangu analia kila mara. Unashitaki nini sasa?"

"Gonga muhuri, bwana."

Akagonga. Niliyoyapeleka ni haya:

"Yahusu: binti yangu katika filamu iliyopigwa Nyakabiga kwa ruhusa yenu.

Mimi, mama mzazi na aliyekuwa mkuu wa mavazi, nashitaki kwamba mtoto wangu alitishwa kwa makusudi mimi nikiwa nimetumwa mbali, na hofu yake ikapigwa picha. Sikuulizwa. Ningeulizwa ningekataa, na ndiyo sababu sikuulizwa.

Naomba sehemu hiyo ikatwe. Mkishindwa, basi ondoeni jina lake kati ya waigizaji, na pale anapoonekana chini ya kitanda yaandikwe maneno haya, kwa herufi ambazo hata aliye nyuma kabisa atazisoma: Mtoto huyu haigizi. Anamngoja mama yake."