Sentensi ya Mama Chola

Profesa Mwelwa alikuwa mtoto pekee wa jirani yangu Mama Chola, Chola likiwa jina lake mwenyewe, hapa mtaani Katuba, na sitasema uongo: akili alikuwa nayo. Wanaosoma mambo ya lugha wanamjua dunia nzima. Alifundisha chuo kikuu, akaitwa Ulaya, akapewa vyeti vya kujaza ukuta, na yote hayo kwa ajili ya Kiswahili chetu cha Lubumbashi, hiki hiki tunachogombania nacho bei ya makala, yaani makaa ya kupikia, sokoni. Redioni alikuwa akisema, kwa sauti nzito, kwamba lugha ya mama ni hazina, na asiyewarithisha watoto wake ni mwizi.

Sasa nyumbani kwake Karavia, loo! Ukishavuka geti ni Kifaransa tu. Mpishi Kifaransa, mlinzi Kifaransa, hata mbwa alifokewa kwa Kifaransa. Watoto wake wawili, Dorcelle na Vital, walikatazwa Kiswahili wasije wakaharibika ulimi. Na Katuba hawakuletwa, kwa sababu Katuba ndiko kilikojaa hicho Kiswahili.

Yeye mwenyewe alikuja, sikatai. Kila likizo aliingia uani, katika lupango la mama yake, na mashine ya kunasa sauti. Mama Chola anasonga bukari, ugali wetu, anapakua sombe ya majani ya muhogo, anakaa. Mimi Ramla, fundi cherehani wa ukuta wa pili, naitwa kula. Profesa anaweka kile kipaza sauti karibu na sahani.

"Maman, ongea tu kama kawaida."

Na Mama Chola, akiongea kama kawaida, alikuwa na swali moja.

"Mwelwa, bajukuu yangu utaniletea siku gani?"

Haki ya Mungu, nilikuwepo. Profesa aliruka kama aliyeokota almasi. "Muzuri sana! Rudia, Maman." Mama akarudia. "Tena, polepole." Mama akarudia polepole, huku anamtazama usoni, anangoja jibu. Profesa akazima mashine, akanawa mikono, akala, akaenda zake.

Sentensi ile ikawa mfano wa kwanza katika kitabu chake kikubwa. Wazungu wakaichambua, Wajapani wakaichambua, wengine wakabishana juu yake mpaka wakanuniana. Kujibu, hakuna aliyejibu. Nilipokuwa nikimwambia Mama Chola kwamba mwanawe ni mtu mkubwa, alicheka kidogo.

"Mukubwa, iko mukubwa. Lakini masikio aliacha wapi?"

Mvua zilizopita Mama Chola akafariki.

Sisi Waislamu tuliotoka Maniema, maiti wetu hakawii. Kwao Mama Chola kuna jambo la kutimiza kwanza. Kabla jeneza halijatoka, wajukuu wa damu huvaa nguo za marehemu na kumwigiza: alivyotembea, alivyofoka, alivyomsumbua kila mtu. Watu wacheke mpaka machozi. Na yule wanayemsemesha lazima ajibu, kama anamjibu marehemu mwenyewe. Bila hayo, maiti anaondoka kama mgeni asiye na kwao.

Profesa alikuwa ameshaanza hotuba yake ya Kifaransa, wenzake wa chuo wanatikisa vichwa kwa heshima, pale Mzee Mwila, kaka wa marehemu, alipomkata kauli.

"Ngoja kwanza. Bajukuu iko wapi?"

Profesa akakohoa. Akaanza kutueleza chanzo cha desturi hiyo, na makabila gani mengine yanayo.

"Hatukuomba masomo," mzee akasema. "Bajukuu iko wapi?"

"Basi nitamwigiza mimi mwenyewe."

"Mutoto haigize mama yake. Mwiko!"

Watoto walikuwapo, siku yao ya kwanza Katuba: Vital alisimama na miwani yake myeusi, anamuuliza baba kwa Kifaransa watu hawa wanataka nini. Jua likapanda. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba hapa hapatoki jeneza. Yule mama aliyemlisha huyu bwana na kitabu chake, leo aondoke kama mgeni katika lupango lake mwenyewe? Hapana bwana! Nikamvuta Dorcelle mkono, nikamfunga kitenge cha bibi yake juu ya gauni jeusi, nikampiga kilemba, na kwa Kifaransa changu cha kuokoteza nikamwambia aseme chochote cha bibi.

"Sijui chochote," akalia, naye kwa Kifaransa. "Najua kile cha Papa tu."

Kumbe sentensi moja ilikuwa na ruhusa Karavia. Profesa alikuwa akiikariri sebuleni kabla ya kila safari ya Ulaya, na kwa kuwa ni bingwa kweli, aliitoa kwa sauti ya mama yake hasa, mkwaruzo na kila kitu.

Binti akainama, mkono kiunoni. Akamwendea baba yake.

"Mwelwa, bajukuu yangu utaniletea siku gani?"

Ya Rabi! Ilikuwa Mama Chola mzimamzima. Wanawake wakaangua kicheko, vigelegele vikapigwa, mtu akaanguka na kiti chake. Kisha wakakumbuka kwamba swali linangoja jibu. Wakamgeukia Profesa.

Akafungua mdomo.

"Rudia, Maman," akasema. Mazoea hayo!

Dorcelle, asiyejua anauliza nini, akarudia. Polepole.

Hapo yule bwana akakaa chini, suti na yote, katika tope la Katuba, akalia kwa sauti. Hakuna aliyemwinua, na mimi sikumwinua. Alipoinuka mwenyewe alimshika Dorcelle mkono huu na Vital mkono huu, akawasogeza mpaka magoti yao yakagusa jeneza.

"Njo aba bajukuu yako, Mama," akasema. "Nimebaleta."

Mzee Mwila akawaambia vijana wabebe.